Mume wangu ni mzuri siku arobaini tu, Pasaka ikifika nampoteza

Shikamoo mama. Sijui hata nianzie wapi, na tafadhali usinitaje jina juu Malindi ni ndogo na jumuiya yetu ndo ndogo zaidi, mtu akikohoa Muyeye wanajua hadi Maweni.

Nina miaka 34, watoto watatu. Mume wangu anafanya kazi kwa boti zinazopeleka watalii kuangalia samaki na matumbawe. Ni Mkatoliki kama mimi, tumefunga ndoa kanisani, na shida yake ni moja tu, mnazi. Si ati anakunywa kidogo jioni alafu arudi nyumbani, la, akitoka boti anapitia mangweni, kule wanakouza mnazi, na huko anakaa hadi saa tano saa sita usiku na pesa ya siku inabaki hukohuko. Hanipigi, niseme ukweli wa Mungu, lakini maneno anayoongea akirudi siwezi kuyaandika hapa, na watoto wanajifanya wamelala.

Sasa mama, kinachonishinda kuelewa ni hiki. Kila Jumatano ya Majivu huyu mtu anageuka. Anatoka kanisani na majivu yake usoni, anachukua kile kidumu chake cha lita tano na mrija, anaviosha vizuri kabisa, anavitia kwa gunia, anavipandisha juu ya kabati na hagusi tena. Kuanzia hapo saa kumi na moja jioni yuko mlangoni na samaki mkononi, anamfundisha wa gredi ya nne hesabu, Ijumaa anabeba msalaba kwenye Njia ya Msalaba na ndo anaongoza nyimbo, ile sauti yake, mpaka wamama wananiambia we umebarikiwa mume. Mi nacheka tu. Wao hawajui Pasaka yangu ilivyo.

Usiku wa mkesha tunaenda wote, mishumaa inawashwa, kengele zinalia, Aleluya ambayo haikuimbwa Kwaresima yote inaimbwa, watu wanalia kwa furaha na mimi pia nalia lakini yangu si ya furaha. Juu najua kesho yake saa nne asubuhi gunia linashuka. Miaka tisa sasa. Nilijaribu kumwambia mwaka mmoja, akanijibu, "Nimefunga, nimemaliza, unataka nini tena? Yesu mwenyewe pale Kana aligeuza maji kuwa divai."

Mwaka huu kumezuka mawili. La kwanza, kuna mwenzake wa boti amemwambia Jumapili hazihesabiwi kwa zile siku arobaini. Basi Jumapili ya tarehe 1 Machi akatoka baada ya misa, akarudi saa tisa, hajalewa lakini ananuka, anacheka, ananiambia "haihesabiwi hiyo, muulize padri."

La pili ndo limefanya nikuandikie. Nyuma ya mlango wa jikoni nikaona mistari ya chaki, imepangwa tano tano, mingine imekatwa. Nikajua ni huyu wangu wa kati, ana miaka minane, nikafikiri anahesabu siku za Pasaka sababu ya nguo mpya. Nikamuuliza huku nacheka. Akanijibu bila hata kunitazama, "Nahesabu za baba zimebaki ngapi." Mama, nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa bado mbichi.

Sasa naomba Kwaresima isiishe. Kweli kabisa, naomba hivyo usiku. Ni dhambi? Mkristo gani anaogopa Pasaka? Na kufunga kwake huku Mungu anakupokea ama anamdanganya Mungu na mimi pamoja? Mamangu ananiambia nivumilie, hata hizo arobaini wenzangu hawana. Dadangu wa Mombasa anasema Jumatatu ya Pasaka nibebe watoto niende kwake. Jirani yangu Muislamu, ambaye mwaka huu Ramadhani yao imeanza siku zilezile tulizopakwa majivu na kila magharibi ananipitishia kaimati na viazi karai, yeye anasema wake anaacha kutafuna muguka mwezi mzima alafu usiku wa Idd anarudia, wanaume ndo hivo. Sitaki kuacha wala kuachwa. Namtaka tu yule wa Kwaresima.

Mama wa Muyeye, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama pale kwenye mlango wa jikoni. Nimekuelewa hivi, nirekebishe kama nimekosea: una mume ambaye wiki sita kwa mwaka anakuwa vile ulivyotarajia siku ya ndoa, na mwaka uliobaki anakuwa mtu unayemsubiri gizani. Na sasa umegundua humngojei peke yako, mtoto naye anangoja, na ameshajifunza kwamba baba mzuri ana tarehe ya mwisho.

Nianze na hilo linalokuchoma usiku, kama ni dhambi kuomba Kwaresima isiishe. Mwanangu, mke anayemwomba Mungu amwachie mume aliye timamu, mimi sioni dhambi hapo, naona njaa. Hebu Mungu asikie njaa yako vile ilivyo, usiifunike na maneno mazuri ya kanisani. Ila nikuulize kitu. Umesema unaogopa Pasaka. Ni Pasaka kweli unayoogopa, ama ni kile kinachoingia kwako kimevaa jina la Pasaka?

Nauliza juu nafikiri mumeo, na wengi wetu pamoja naye, ameishika Kwaresima kama deni. Unalipa siku arobaini, ukimaliza hudaiwi, unarudi ulikotoka. Hata maneno yake ni ya mtu aliyelipa, nimefunga, nimemaliza. Lakini hiki kipindi hakikukua hivyo. Zamani sana, kwenye karne za kwanza za Kanisa, waliokuwa wanafunga kwa nguvu kabla ya Pasaka ni wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa usiku wa mkesha, na pamoja nao walioanguka vibaya wakawa wanatubu ili warudishwe. Hakuna aliyefunga ili Jumapili arudi kuwa yule wa zamani, walikuwa wanafunga ili wavuke. Ndo maana mpaka leo usiku ule mnasimama na mishumaa na padri anauliza kama mnamkataa shetani na kazi zake zote, na mumeo anajibu kwa ile sauti yake nzuri. Alafu kipindi cha Pasaka chenyewe ni siku 50, hadi Pentekoste, ni kirefu kuliko Kwaresima. Pale anapodhani ameimaliza safari ndo kwanza amefika getini.

Lakini usiende kumsomea haya kama hotuba. Nakupa wewe ili ujue unachokitaka si kitu cha ajabu.

Hii ya Jumapili, wacha nikuambie wazi, mwenzake wa boti hajasema uongo. Hesabu mwenyewe, kuanzia Majivu tarehe 18 Februari mpaka Jumamosi Kuu tarehe 4 Aprili ni siku 46, ukitoa Jumapili sita zinabaki arobaini, sababu kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuko na haifungwi. Kwa hiyo ukibishana naye hapo utashindwa, na ukibishana Kana atakuletea na Zaburi ya 104 inayosema divai humfurahisha mtu, nawe utamletea Waefeso kwamba msilewe, mtakesha na Biblia na hakuna atakayepona. Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba Kanisa lenyewe linaamuru kidogo sana. Kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja kamili na viwili vidogo, kwa wenye miaka 18 hadi 59, na wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawalazimishwi. Kuacha nyama ni Majivu na Ijumaa, kuanzia miaka 14. Mnazi haumo. Hakuna padri wala askofu aliyemwambia apandishe kidumu kabatini, ametoa mwenyewe, miaka tisa, kwa hiari. Hii mimi inanigusa sana, na naomba ikuguse na wewe kabla hujasema anadanganya.

Ila kweli nayo isemwe, mtu akianza kuhesabu siku zipi zinaruhusu, moyo umeshafika mangweni kabla ya miguu. Hiyo Jumapili ichukulie kama dalili, si janga. Alirudi saa tisa mchana, hakukuficha. Angalia inayofuata inakuwaje.

Sasa hapo kwa kudanganya. Umeandika kana kwamba yule wa mwaka mzima ndo mumeo wa kweli na huyu wa Kwaresima amevaa barakoa. Nani amekuambia ni hivyo na si kinyume chake? Mtu analala wiki sita chini ya kabati lenye kidumu chake, kila jioni anapita njia ileile ya mangweni anasikia harufu na vicheko vya wenzake, na anafika nyumbani na samaki. Hiyo si kazi ya barakoa. Sisemi kwa hiyo usamehe kila kitu, nasema kuna mtu mle ndani anayejua njia ya kurudi kwako, tatizo ni kwamba hajui njia ya kubaki.

Na nimejiuliza kwa nini hajui. Fikiria nawe. Wakati wa Kwaresima akipitishiwa mrija anasema neno moja tu, "nimefunga", na hakuna anayemsukuma, hata Waislamu wa pale botini wanaheshimu, nao wamefunga. Pasaka ikifika anapoteza lile neno. Saa nne asubuhi akiitwa atajibu nini? Na sisi wa huku tunajua mnazi si kinywaji tu, mahari haiendi bila mnazi, matanga yana mnazi, ukiukataa wanaona umewakataa wao. Pengine mumeo hahitaji nguvu zaidi ya alizonazo, anahitaji neno la kusema tarehe 5 Aprili.

Kitu kingine chunguza, bahari. Pasaka inaangukia palepale upepo wa kaskazi unaisha na wa kusi unaingia, maji yanachafuka, watalii wanapungua, mahoteli mengine yanafunga hadi Julai. Mwaka juzi Pasaka ilikuwa 31 Machi, mwaka jana 20 Aprili. Kumbuka vizuri, ile ya mapema boti zikiwa bado zinatoka, alikunywa sawa na ile ya mwaka jana? Kama ni tofauti basi labda siyo Aleluya inayoshusha gunia, ni mikono isiyo na kazi na aibu ya mfuko mtupu, na hiyo ni mazungumzo mengine kabisa, ya pesa na ya nini kitafanyika Mei na Juni.

Na kuna swali hukuligusa. Zile siku za kwanza baada ya Majivu, mikono inamtetemeka? Anatoka jasho usiku, halali? Mtu aliyezoea pombe nyingi kila siku mwili unaweza kugoma akiacha ghafla, na wengine wanapata degedege au kuona vitu ambavyo havipo, hapo ni hospitali mara moja, si maombi peke yake. Kama ndivyo basi unaishi na ugonjwa, na ugonjwa hauponi kwa nadhiri tu. NACADA, wale wa serikali wanaopambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192, unaweza kupiga hata wewe bila yeye, uulize tu.

Sasa njia ulizonazo. Kuongea naye, ningeongea sasa, kukiwa bado ni Kwaresima na kichwa chake ni safi, kuliko kusubiri Pasaka usiku na machozi. Hatari yake ni kwamba anaweza kusikia unamhukumu wakati anajitahidi, akasema hata nikifunga hamridhiki, akaacha yote. Kwa hiyo anza na alichokupa. Mwambie unachokipenda cha saa kumi na moja jioni. Mwambie wewe unalia nini kwenye mkesha, sidhani kama anajua, pengine miaka tisa anadhani unalia kama wenzako.

Kuhusu mistari ya chaki nimesita sana. Ukimshika mkono umpeleke kwenye mlango inaweza kumvunja vizuri au kumvunja vibaya, na mtoto atajiona ndiye aliyemshtaki babake. Lakini pia ukiifuta utamfundisha mtoto kwamba hesabu yake ni ya kufichwa. We ndo unamjua mumeo. Pengine hiyo ni ya kuachwa palepale, mlango ni wake pia, ataufunga siku moja.

Padri, ndiyo, lakini si kwa kupeleka kesi. Na jumuiya ningeiacha kando kwa sasa, ile ni sehemu moja mumeo anaheshimiwa, ukimvua nguo pale hatabeba msalaba tena. Bora yeye mwenyewe, wakati huu wa kitubio kabla ya Pasaka, na kama yuko tayari basi mwende wawili.

Ukipata nafasi mwambie habari za Matt Talbot. Huyu alikuwa kibarua Dublin, kule Ireland, mlevi tangu utotoni. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya kuacha pombe miezi mitatu tu. Hakusema milele. Ikaisha akaongeza sita, alafu ndo akaweka ya maisha, na alikufa 1925 bila kugusa tena, na 1975 Papa Paulo wa Sita akamtangaza kuwa Mwenye Heshima, hatua moja kabla ya kuitwa mwenyeheri. Naipenda hiyo miezi mitatu. Na jirani yako Muislamu ana kitu kama hicho nyumbani kwake, wao wakimaliza Ramadhani wapo wanaofunga ile sita ya Shawwal, siku sita za mwezi unaofuata, mwezi umeisha lakini mtu anaongeza. Je, mumeo akiambiwa asiache mnazi maisha yote, aongeze tu mpaka Pentekoste, tarehe 24 Mei, angesikia? Ndo neno lenyewe hilo la kusema mangweni, "bado nina nadhiri." Hatari iko pia, anaweza kukataa, anaweza kukubali na kuanguka wiki ya pili, na wewe ukaumia mara mbili. Ukiona hilo kwa sasa huliwezi pia naelewa. Na Ijumaa, sheria ya Kanisa inazihesabu Ijumaa za mwaka mzima kuwa siku za toba, si za Kwaresima tu, hata Ijumaa moja moja ni mahali pa kuanzia.

Dadako wa Mombasa simpingi. Ila kuondoka Jumatatu ya Pasaka kwa hasira na kwenda kumtembelea dada likizo ya Aprili ili upumue na ufikiri, hayo ni mawili tofauti, chagua ukijua unachagua lipi. Mamako naye anakupenda, lakini kuvumilia hakumaanishi kunyamaza, na maneno ya usiku yanaumiza hata kama mkono haujainuka. Siku mkono ukiinuka usiniandikie mimi kwanza, toka na watoto, nenda kwa huyo jirani wa kaimati, piga 1195, laini ya kusaidia wanaopigwa na kunyanyaswa.

La mwisho, na nalisema kwa upole. Barua nzima umenieleza mfungo wake, umeosha kidumu naye, umehesabu Jumapili naye. Wako uko wapi? Naona kama Kwaresima yako imekuwa ni ulinzi wa Kwaresima yake, na mlinzi halali. Zimebaki wiki tatu na kitu. Jioni moja akiwa nyumbani na watoto, mwachie, nenda kanisani peke yako au hata kaa ufukweni jua likizama, usimwombee yeye hata kidogo, ongea na Mungu habari zako tu.

Niandikie baada ya Pasaka, hata kama gunia limeshuka saa nne ileile. Nitataka kujua pia huyo mtoto wa kati anaendeleaje, na kama Idd ulimpelekea jirani sahani yake imejaa.